Mwaka Niliopima Kiu ya Ardhi

Masoud alikuwa hajanisemesha tangu mwaka 1969, kwa hiyo simu ilipolia na nikaitambua sauti yake nilijua kuna maiti. Hakutoa salamu. "Bi Zuwena katangulia," alisema. "Maziko baada ya alasiri, Amerat. Wanawe wametaka uambiwe. Ingekuwa mimi, usingeambiwa." Akakata. Ana miaka themanini na kitu sasa, anatembelea fimbo, lakini sauti ni ile ile ya karani wa forodha anayekurudishia karatasi zako kwa sababu hukujaza mstari wa mwisho. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nimehama miji mingi kuliko ninavyoweza kuikumbuka, nimeshalala kwenye maghala, melini na nyuma ya magereji ya mtaa wa Ghala, Maskati, na nimeshatimuliwa kazini mara nyingi kwa sababu nzuri. Lakini kufukuzwa nyumbani kwa mwanamke yule ndiko kufukuzwa pekee ninakokumbuka kwa siku na saa, na mpaka asubuhi ile ya simu nilikuwa sijaamua kama nilistahili.

Habari za wazazi wangu na jinsi tulivyoondoka Unguja nitaziacha. Kila mtu wa umri wangu anayo hadithi hiyo, na hakuna mwenye hamu ya kusikia ya mwenzake. Inatosha kusema kwamba niliacha skuli nikiwa darasa la sita, kwa kuwa nilitaka kujua ndani ya mashine ya kusagia kuna nini na mwalimu hakujua. Nikafika Matrah, bandari ya Omani, mwaka 1968, nikitokea Dubai, nikiwa na miaka ishirini na mbili, Kiarabu cha kuombea maji na Kiingereza cha kusomea maandishi ya makopo. Chumba alinipa Bi Zuwena. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na tano hivi, amerudi kutoka visiwani na wanawe wawili na cherehani moja, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Aliiweka chini ya dirisha la uchochoroni, kwenye mwanga, na toka alfajiri mpaka adhuhuri alikuwa akishona suruali za kike za wake wa wafanyabiashara, akisikiliza kila neno linalopita nje. Sisi wapangaji wanne tulikaa upande wa pili kwenye mikeka. Hatukuwa na kazi. Watu wa soko walituhudumia mwisho, hata tukifika mwanzo, na neno "Zinjibari" walilitamka kama mtu anayesukuma mlango kwa mguu. Basi tulikaa, tukasimuliana tulivyokuwa. Masoud alikuwa karani wa forodha. Alisimulia mihuri yake. Mwingine alikuwa na duka, mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu. Mchana tulikula wali na mchuzi wa papa wa chumvi, Ijumaa mkate wa kumimina, na Bi Zuwena alikuwa akituchambua huku anapakua: "Wanaume wanne, hata mmoja hajui kuvuta maji kisimani. Huko mlikokuwa mlikuwa mnaoshwa na nani, yakhe?"

Uvumi wa ardhi uliingia kwa dirisha lile lile. Ilisemwa kwamba nyuma ya milima, upande wa Amerat, kuna uwanda mtupu mdomoni mwa bonde, na kwamba serikali ikihakikishiwa kuwa unafaa kwa kilimo cha mfereji, watapewa watu waliorudi bila kitu. Siku mbili tatu baadaye ikawa si uvumi tena, kwa sababu mimi niliajiriwa na mtu aliyeletwa kuhakikisha. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye ngozi iliyobabuka puani, aliyepima mito Tanganyika kwa miaka mingi kabla ya kuja huku. Jina lake naliacha. Sisi tulimwita Bwana, naye alipenda. Alinichukua kwa sababu moja tu: Kiarabu hakujua, lakini Kiswahili alikisema, kile cha bara cha kuamrishia watu. "Wewe nasema Kiarabu kwa hawa watu, nasema Kiswahili kwa mimi," aliniambia, na mkataba ulikuwa huo.

Kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya kabla au baada, na hili nalisema ingawa halinisaidii. Nilikuwa mtu wa kuuliza, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kunijibu. Tulitembea bonde zima, kutoka kwenye miamba linapoanzia mpaka linapofunguka. Tulitazama kwenye darubini ya kupimia ardhi inavyoinama, tukachimba mashimo ya kimo cha mtu kuona udongo unaishia wapi na changarawe zinaanzia wapi, tukateka maji ya visima kwenye chupa na kuyaonja kabla ya kuyapeleka kupimwa chumvi. Jioni Bwana alikuwa akipaka rangi ramani yake kwa penseli: kijani kwa ardhi inayofaa, njano kwa ardhi inayoweza kufanyiwa kazi ikafaa, nyekundu kwa ardhi ya kuachwa. Mwinamo wa uwanda ule ulikuwa mzuri. Maji hayakuwa na chumvi nyingi. Lililobaki lilikuwa swali moja, na Bwana alinieleza nikalielewa mara moja. Shamba la mfereji linamwagiliwa kwa maji yanayotembea juu ya ardhi. Yanaingia kwa juu, yanatakiwa yafike chini. Ardhi ikiyanywa yote mlangoni, mkiani hakifiki kitu, na maji ya bonde zima hayatoshi kunywesha vitanda vitatu vya mboga. Kwa hiyo lazima tujue ardhi ina kiu kiasi gani.

Kijiji kilichokuwa juu ya uwanda sitakitaja, kwa sababu wajukuu wao leo ni majirani zangu. Kilikuwa na mitende, ndimu na falaji moja, yaani mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, na maji yale yaligawanywa kwa zamu tangu babu wa babu zao. Aliyegawa alikuwa Mzee Saif. Alikuwa mtu mwembamba, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na kila siku alikaa karibu na msikiti penye kijiti kilichosimikwa ardhini. Kivuli cha kijiti kilipopita jiwe moja na kufika jingine, alinyanyua mkono, na mwenye zamu alifungua mlango wa udongo wa bustani yake na mwenziwe akafunga wake. Hakuwa na saa wala daftari. Siku ya kwanza nilimsalimia, akageuza uso. Siku ya pili nilimweleza, kwa Kiarabu changu cha kuokota, kwamba tumekuja kupima. Akasema neno moja, "Zinjibari," akatema mate pembeni, na watu waliokuwa wamechutama ukutani wakacheka. Kijiji kizima kiliamini kwamba tukilima chini, tutajenga ukuta wa kuziba maji juu, na falaji yao itakauka. Wanawake walivuta milango tulipopita. Mara mbili tulikuta bendera zetu za vitambaa vyeupe zimeng'olewa na kufungwa shingoni mwa punda.

Nami niliwachukia, sitaki kujipamba. Niliwachukia kwa hasira ya mtu aliyekuwa na kwao. Kila asubuhi tukipita penye kijiti nilimwambia Bwana, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya mzee mwenyewe: "Kinyago chetu kimeshaamka." Au: "Tazama lile jini la mfereji, linahesabu kivuli kama kuku anayehesabu mtama." Bwana alicheka mpaka akakohoa. Siku nyingine nilisema watu hawa hawajawahi kuona mvua wala sabuni, na wenzangu wakija watawafundisha kulima. Mzee Saif alitazama kivuli chake. Jicho lile zima halikupepesa.

Matrah nako mashamba yalikuwa yameshaanza. Masoud aliuchora uwanda kwa mkaa kwenye sakafu ya chumba chetu, kwa vipimo nilivyompa mimi, akaugawa vipande na kuandika majina kwa mwandiko wa forodha. Tulikula tukiwa tumeuzunguka, tukichunga mchuzi usidondokee kwenye shamba la mtu. Mwalimu wa hesabu alitaka kupanda mhogo. Mwenye duka alisema mhogo haumei huku, wakagombana siku mbili bila ya kusemezana. Bi Zuwena hakugombana na mtu. Alikuja na ungo wake, akaweka kidole kwenye pembe ya kusini, akasema, "Hapa pangu. Ndimu upande huu, mchicha upande huu, na kibanda cha kuku ambacho Masoud haruhusiwi kukisogelea." Kisha akasema jambo ambalo halikumchekesha mtu. Yuko jamaa, alisema, anayetaka cherehani, naye yuko tayari kutoa ng'ombe wawili wa kulimia waliofunzwa. "Nikishajua ardhi ni nzuri nampa. Siwezi kushona suruali za watu mpaka macho yatoke." Akaniangalia. "Wewe ndiye utakayenambia, mwanangu. Hawa wengine wanasema tu." Toka siku ile nilipakuliwa mwanzo, kabla ya Masoud, na Masoud aliliona hilo.

Kipimo chenyewe kilikuwa pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, kubwa ya upana wa sinia la biriani. Unazigongomea ardhini kwa nyundo na ubao, unazijaza maji zote mbili, unasimamisha rula kwenye ile ya ndani, kisha unatazama saa na kuandika maji yanavyoshuka. Ni kazi ya kukaa kimya na kuangalia maji yakipotea. Bwana alitia alama kwa bendera sehemu sita za kupima. "Zote sita mbaya, nyekundu," alisema. "Tatu mbaya, tatu nzuri, njano. Njano mimi naweza kutengeneza." Maji ilibidi yatoke kijijini. Bwana alikuwa na barua ya liwali, na barua ile ilisomwa msikitini mbele ya watu walionuna. Mzee Saif aliisikiliza mpaka mwisho, akasema tutapewa zamu moja ya mchana kila mara ikifika, na kuyabeba ni juu yetu. Tuliyabeba kwa viriba, juu ya punda wa kukodi, mpaka uwandani. Watu walitufuata. Walipoona tunamimina maji matamu kwenye changarawe tupu, pasipo hata jani, na kukaa kuyatazama, zilipigwa kelele ambazo hazikuhitaji mkalimani. Mwanamke mmoja alinirushia jiwe, likagonga pete, likalia kama kengele.

Sehemu tatu za mwanzo tulizipima pamoja, mimi na Bwana. Maji yalizama. Siwezi kusema vingine. Tulijaza, yakashuka kidole kizima kabla sijamaliza kuandika saa. Tulijaza tena, yakashuka tena, kama tulikuwa tunamimina kwenye chekeche. Bwana aliandika, na nilipomwuliza kama pengine ardhi itashiba, akanijibu, "Hii udongo hapana shiba." Kabla ya zamu ya pili ya maji akashikwa na homa, akabaki kwenye hema akitetemeka chini ya mablanketi, akaniambia nenda, pima tatu zilizobaki, unajua kazi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilijua kazi, na nilijua vilevile kwamba hatua kama sitini kutoka kwenye bendera ya nne palikuwa na shimo bapa, la udongo laini wa kijivu uliopasukapasuka juu, tofauti na uwanda wote. Nilikuwa nimelipita mara nyingi. Nililiwaza njia nzima, nikimswaga punda, na naweza kusema ni hatua ipi niliyoamua. Bendera ziko pale, nikaziacha. Nikazipigilia pete ndani ya shimo lile, mara tatu, mahali patatu, nikamimina maji, na maji yakakaa. Yalikaa yaking'aa, mbingu ndani yake, yakishuka polepole kama maji ya shamba lolote la heshima. Niliandika nambari zile kwa mwandiko safi. Ya nne, ya tano, ya sita.

Mzee Saif alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mgunga, peke yake. Wengine walikuwa wameshachoka kutushangaa. Nilipokuwa naing'oa pete ya mwisho alinyanyuka, akaja mpaka ukingoni mwa shimo, akaukwaruza ule udongo kwa kisigino. Kilitoka kipande cha bua, mabua yale wanayochanganyia udongo wa matofali.

"Hapa tulikanda udongo wa msikiti," alisema. "Tuliukanyaga kwa miguu siku kumi. Hata jabali ungelikanyaga hivyo, lingeshika maji."

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha Pemba, laini, kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa. Nilisimama na pete mkononi, na mbele ya macho yangu vikapita vinyago vyote, majini yote na kuku wote wa miezi mitano.

"Mzee," nilisema, "kumbe..."

"Kumbe nini? Nimekaa Wete miaka ishirini na mbili. Nimechuma karafuu kabla babako hajaoa." Hakupandisha sauti. "Nna mtoto kule. Tangu mwaka ule wa mapinduzi hajaleta barua. Nikasema lugha ile sitaitamka tena mpaka aje aniamkie yeye. Halafu ukaja wewe, na mdomo wako."

Nilimwomba radhi. Aliiacha ile radhi ianguke chini.

"Maji niliyokupa si ya kijiji," alisema. "Kijiji walikataa. Ni zamu yangu. Majani ya mbuzi wangu yamekauka kwa ajili ya mchezo wako wa pete. Nikasema sawa, apime, apate kuona alichokiona baba yangu. Uwanda huu tumeujaribu, kijana. Unadhani tumekaa juu kule kwenye mawe kwa kupenda? Sasa andika unavyotaka. Watakuja wenzio, wake kwa watoto, watamwaga maji humu, maji yatazama. Watataka zaidi. Mimi ndiye nitakayesimama kwenye kijiti niwaambie hakuna. Wewe utakuwa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nisingekuwepo. Mtu kama mimi hayupo pahala zaidi ya mwaka.

Siku ya Alkhamisi nilirudi Matrah na daftari kwenye mkoba. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza mpaka Bwana apone, lakini Bi Zuwena alinitazama mara moja tu mlangoni. "Eh? Nambie." Nikasema sehemu tatu zimekuwa nzuri. Ndilo neno nililosema, na neno lenyewe lilikuwa kweli daftarini. Alipiga kigelegele ambacho uchochoro mzima ulikisikia. Masoud aliinuka akanikumbatia, mtu ambaye hakuwahi kunipa hata mkono kwa moyo. Kesho yake kulipikwa biriani ya mbuzi, sijui alimpata wapi, na katikati ya chumba, juu ya ile ramani ya mkaa, likawekwa sinia. Mwalimu wa hesabu na mwenye duka walipatana. Walikuwa wakisema majina ya mimea kama watu wanaosema majina ya watoto wao. Mimi nilikuwa nimekabiliana na dirisha, na nilichokuwa nakitazama ni cherehani. Ilikuwa imefunikwa shuka na kufungwa kamba ya katani, mafundo mawili, tayari. Mahali ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu na nyuzi za rangi zilizokwama kwenye nyufa.

"Anakuja saa ngapi?" niliuliza.

"Nani? Mwenye ng'ombe? Baada ya swala. Kula, mwanangu, mbona hushiki nyama?"

Ningependa kuandika kwamba niliwaza juu ya Mzee Saif, au juu ya Mwenyezi Mungu. Sikuwaza kitu. Niliona zile alama nne na nikasikia sauti yangu inasema: "Usimpe. Ardhi haifai. Nimedanganya."

Hakuna aliyeelewa mara ya kwanza, ikabidi niseme tena, na nieleze pete, na shimo, na matofali ya msikiti, huku mchuzi wa biriani unaganda kwenye vidole vya watu. Masoud ndiye aliyezinduka kwanza. "Ngoja," alisema. "Daftarini imeandikwaje?"

"Nzuri."

"Basi si imeandikwa?" Alikuwa karani, kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. "Imeandikwa nzuri, tutapewa. Tukishapewa ni yetu. Itafaa, haitafaa, ni shauri letu na ardhi yetu. Nani kakuuliza?"

"Hakuna kitu kitakachomea, Masoud. Maji yatazama."

"Mwana hizaya we!" Alinirukia. Kiatu chake kilinipata sikioni, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri simu. "Tumekaa humu kama mizigo isiyokuwa na mwenyewe, tunatemewa mate sokoni, tumepata pahala pamoja pa kusimama, na wewe, wewe usiyemaliza hata skuli, unakuja kutwambia maji yatazama! Wamekununua kina nani? Wale wa mlimani?"

Wenziwe walimshika. Nilimgeukia Bi Zuwena. Nilidhani, kwa ujinga wa ujana wangu, kwamba atashukuru. Alikuwa amekaa palepale, mkono wa kulia umeinuliwa na tonge ndani yake. Akalirudisha tonge kwenye sinia, polepole.

"Jana uliniacha nipige kigelegele," alisema.

"Bi Zuwena, nilikuwa..."

"Mtaa mzima umenisikia. Leo alfajiri nimewaamsha wanangu, nimewaambia majina ya kuku." Akainuka, akaenda kwenye cherehani, akaanza kulifungua fundo. Vidole vilimkataa, akalitia meno. "Kama ungesema jana haifai, ningelia, nikashona. Kama ungenyamaza leo, ningekwenda kufa njaa huko na jina lako nikaliombea dua. Wewe umetaka yote mawili. Umetaka upendwe, na umetaka uwe mkweli." Kamba ikaachia. "Toka nyumbani kwangu, Hafidh. Chukua mkeka wako, usije ukasema nimekudhulumu."

Nilitoka mchana wa Ijumaa, jua limesimama, mkeka kwapani, wanawe wawili wananitazama kwa juu ya ngazi. Nilipofika pembeni ya uchochoro nikasikia cherehani inaanza.

Bwana alikuwa amepona nilipomfikia hemani. Nilimwambia yote, nikatarajia tena, kwa mara ya pili siku zile, kwamba ukweli utanilipia. Aliichukua kalamu, akapiga mstari kwenye ya nne, ya tano na ya sita, mistari iliyonyooka kabisa, kisha akafungua ramani, akaupaka uwanda wote rangi nyekundu mbele yangu, taratibu, bila kuruka ukingo. "Mimi nafanya kazi hii miaka kumi na tisa," alisema. "Udongo danganya mimi, sawa. Mtu danganya mimi, hapana. Sasa mimi hapana jua kama chupa za maji ni kweli. Mashimo ni kweli. Yote wewe nashika, mimi natupa." Na kweli alizitupa. Miezi mitano ya chupa na vijaluba vya udongo, vyote vyenye mwandiko wangu. Kazi pekee aliyonipa kabla ya kunifukuza ilikuwa kwenda kuzichukua pete, ambazo nilikuwa nimeziacha kijijini.

Zilikuwa karibu na kijiti. Mzee Saif alikuwa amekaa kwenye moja, kama kigoda. Nilimwamkia kwa Kiswahili, shikamoo, na yeye akanijibu kwa Kiarabu, na toka hapo hakutamka tena neno la Kiswahili mbele yangu. Nilimwambia uwanda umepakwa rangi nyekundu, hakuna atakayekuja. Nilimwambia nimefukuzwa kazi, na nyumbani pia. Alitazama kivuli. Kilikuwa kinakaribia jiwe, na mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa bustani, jembe mkononi, akisubiri mkono wa mzee. Ukanyanyuka. Maji yakageuka. Ndipo aliponyanyuka na yeye kwenye ile pete, akaisukuma kwa mguu mpaka kwangu, na akaniambia nisipite tena njia ya bustani, nipite chini, kwenye changarawe. Nilipita chini. Bustani ya mzee ilikuwa ya mwisho. Niliiona kwa mbali, mraba wa rangi ya majivu katikati ya kijani cha wenzake.

Nilivuka kwenda Bahrain kabla mwaka haujaisha. Niliporudi, miaka mingi baadaye, mambo yalikuwa yameshageuka kabisa: waliotemewa mate walikuwa maofisini, Masoud alikuwa mkubwa wa idara, wanawe Bi Zuwena mmoja daktari, mmoja mhandisi. Na uwanda ule ulikuwa unajengwa. Leo ni nyumba tu, safu kwa safu, nyeupe, matangi juu ya dari, na kila asubuhi magari ya maji yanapita kujaza matangi yale huku wenye nyumba wanatoka kwa foleni kwenda Maskati kazini. Wanawe wamejenga humo. Bi Zuwena ameishi humo miaka yake ishirini ya mwisho, na niliambiwa alikuwa na mndimu mmoja kwenye pipa la saruji, alioumwagilia mwenyewe kwa kikombe. Mimi mwenyewe nimepanga nyumba mitaa miwili kutoka hapo. Tulikuwa tukionana kwenye harusi. Aliniitikia salamu, kwa kuwa salamu ni lazima kuitikiwa, na hakuwahi kuongeza neno.

Makaburi yako mwisho wa nyumba, mahali uwanda unapoelekea bondeni. Sikuuliza ni wapi hasa. Sikuhitaji kuuliza, niliujua mwinamo. Tulimzika upesi, maana jua lilikuwa linashuka na ndugu walikuwa wengi. Changarawe zililia kwenye makoleo. Ilipobaki kumwagia maji juu ya kaburi, kijana mmoja alikuja na dumu, akayamimina kutoka kichwani mpaka miguuni, kama inavyofanywa. Sikukusudia. Ni mkono tu uliogeuka, mkono wa kushoto, na nikajikuta natazama saa. Maji yalikuwa yamekwenda. Hayakuacha hata tope.

Nilipoinua macho, Masoud alikuwa ananitazama mimi, siyo kaburi. Aliiona saa. "Usithubutu kusema kitu," alisema, kwa sauti ya chini. Akamnyang'anya kijana dumu jingine, akalifungua, fimbo imeegemea kwenye paja, akalimimina lote mahali pamoja, karibu na kichwa, kama mtu anayetaka kuijaza pete. Kisha akainama kutazama. Nami nikainama. Kifuniko kilikuwa bado mkononi mwake, na juu ya changarawe palikuwa pameshakauka.